Kuchambua 2,345,409

Sisi tuliosoma Kongo tuliikariri kwa sauti, darasa zima: kilomita za mraba 2,345,409, ukubwa wa nchi yetu. Ubelgiji, yenye elfu thelathini na ushei tu, ilitajwa papo hapo ili tucheke. Hakuna aliyetuambia kwamba namba ile inafunguka.

Niliifungua miaka mingi baadaye, nikingoja gari Mulungwishi, penye chuo kikuu cha Wamethodisti, kwenye barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi. Kalamu nilikuwa nayo, na karatasi iliyofungiwa karanga.

Kazi hii ni kama kuchambua mchele kwenye ungo. Kwanza unajumlisha tarakimu: 2, 3, 4, 5, 4, 0 na 9 ni 27. Basi 3 imo, tena si mara moja. Ukigawanya kwa 3 mara tatu unabaki na 86,867. Hapo 3 inagoma. Jaribu 11, kwa kutoa na kuongeza tarakimu kwa zamu: 8 toa 6, ongeza 8, toa 6, ongeza 7. Ni 11. Imo! Inabaki 7,897.

Hapa ndipo fundi na mwenye haraka wanapoachana, maana 7,897 haina dalili yoyote usoni. Ukigawanya kwa 7 inabaki 1. Kwa 13 inabaki 6, kwa 17 inabaki 9. Unapanda namba tasa moja moja, 19, 23, 29, 31, ukijua kwamba ukivuka 83 mikono mitupu, basi yenyewe ni tasa na kazi imekwisha. Gari lilifika nikiwa kwenye 41, nililiacha lipite. Kwa 47 ikabaki 1 tena, moyo ukashtuka bure. Halafu 53: mara 149 kamili.

Kumbe nchi nzima ni 3 mara 3 mara 3 mara 11 mara 53 mara 149. Vigawo vyake vyote ni 32, na jumla yao, nilipoihesabu usiku ule, ni 3,888,000. Sifuri tatu mkiani, sikuzitegemea.

Watu hupenda kuutaja mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Jean de Heinzelin karibu na mto Semliki, wenye safu ya mikato 11, 13, 17 na 19, kuwa ushahidi kwamba wahenga wetu walijua namba tasa yapata miaka 20,000 iliyopita. Mimi nina shaka: asiyejua kugawanya atazijuaje tasa? Ninachokiheshimu ni ule mkono uliokata mkato mmoja mmoja hadi 60 katika safu ile.

Vitabu vingine huandika 2,345,410. Usiidharau hiyo moja. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja ila 1, kwa hiyo 3, 11, 53 na 149 zote zimetoka. 2 na 5 zimeingia. Inabaki 234,541. Chukua kalamu.