Ukabaila, Umwinyi na Mapinduzi: Istilahi za Historia ya Dunia Mbele ya Mwanafunzi Anayeanza

Istilahi za sayansi zimejadiliwa sana tangu Kiswahili kianze kutumiwa madarasani. Za historia hazikupata bahati hiyo. Sababu yake si ngumu kuiona. Neno oksijeni lilipoingia, kila mwalimu alijua kwamba ni mgeni, akalieleza kwa urefu. Lakini ukabaila, ubepari, ubeberu na mapinduzi yalionekana kuwa wenyeji. Yalisikika redioni na katika mikutano ya hadhara, na kwa hiyo yakadhaniwa kuwa yanaeleweka. Mwanafunzi akiuliza ukabaila ni nini, hujibiwa kwa sentensi moja: kwamba ni mfumo ambamo wachache humiliki ardhi na kuwanyonya wakulima. Jibu hilo si la uongo. Ila ni pana mno kiasi cha kutomfaa anayeanza, kwani kwa kipimo hicho ni nchi chache sana duniani, za zamani au za leo, ambazo hazikupata kuwa na ukabaila.

Yafaa kwanza kuangalia neno lenyewe lilikotoka. Kabaila na kabila ni ndugu. Yote mawili yametokana na Kiarabu, ambako qabila ni kundi la watu wa nasaba moja. Pwani, kabaila alikuwa mtu mkubwa, mtu wa ukoo wenye heshima. Bepari, kwa upande wake, ana asili ya Kihindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara tu. Azimio la Arusha la 1967 liliyaweka maneno hayo mawili pamoja, ukabaila na ubepari, kama mifumo ambayo nchi ya ujamaa haitakuwa nayo, na tangu hapo yakasafiri hadi vitabuni pande zote za mpaka. Neno lililotaja nasaba likatakiwa litaje mfumo wa ardhi. Hakuna ubaya kwa neno kubadilika maana. Lugha zote hufanya hivyo. Ubaya ni kumficha mwanafunzi kwamba limebadilika. (Beberu hana hatari hiyo, maana kila mtoto anajua kwamba ni mbuzi dume, wala hapana anayedhani kwamba dola ya Kirumi ilikuwa na pembe.)

Je, ni nini hasa kinachotakiwa kuelezwa? Katika Ufaransa ya kaskazini ya karne ya 11 na ya 12, bwana alimpa askari wake wa farasi ardhi ya kumlisha. Askari alipiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana, akaapa kumtumikia vitani. Bwana naye alifungwa na wajibu wa kumlinda na kumtendea haki. Chini yao alikuwako mkulima aliyefungwa na ardhi, aliyetoa siku zake za kazi na sehemu ya mavuno yake. Likijaribiwa neno mtwana kwa mkulima huyo, kosa jingine huzaliwa, kwa kuwa mtwana wa pwani alikuwa mtumwa aliyeweza kuuzwa sokoni, ilhali mkulima wa Ulaya ya Magharibi kwa kawaida hakuuzwa mbali na shamba alilolilima.

Sehemu ya kwanza ya habari hii, yaani kiapo kati ya watu wawili walio huru, ndiyo inayopotea kabisa katika ile sentensi moja. Na hasara yake ni kubwa. Mwaka 1215 wakuu wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John aikubali hati ya Magna Carta, wakidai kwamba alikuwa amevunja wajibu wake kwao. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kabaila ni mnyonyaji, basi, hawezi kuelewa ni vipi makabaila wakawa wadai wa sheria. Ataihesabu habari hiyo kuwa kinyume cha mambo, na hali ndiyo kiini chake.

Si kwamba Ulaya wenyewe wamekubaliana. Marc Bloch, katika kitabu chake cha 1939 na 1940 juu ya jamii ya aina hiyo, aliutazama mfumo huo kwa upana, toka kiapo cha askari hadi kazi ya mkulima. Elizabeth Brown aliandika 1974 kwamba neno lenyewe limewatawala wanahistoria kimabavu, na Susan Reynolds, 1994, akatilia shaka hata ile picha ya ardhi inayotolewa kwa kiapo. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 wabunge wa Ufaransa walipotangaza kuufuta mfumo huo, kiapo cha vita kilikuwa kimekufa zamani. Walichokifuta ni ushuru na mapendeleo ya mabwana. Basi hata huko, neno moja limebeba mizigo miwili.

Wako wanaopendelea kuuita mfumo huo umwinyi. Neno lina utamu wa kwetu: Mwinyi Mkuu alitawala Unguja kabla ya masultani na kwa muda akaishi chini yao, na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), imemfanya mwinyi mwenye shamba aonekane kwa macho. Riwaya hiyo haina kosa. Kosa ni la anayeifanya kuwa kioo cha Ulaya. Shamba la mikarafuu la Unguja lilijengwa kwa kazi ya watumwa. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria 1897, wengi walibaki mashambani, wakaruhusiwa kupanda muhogo na vyakula vingine lakini si miti ya kudumu, kwani miti ilikuwa ndiyo mali. Karafuu ziliuzwa ng’ambo. Bei ikishuka, mwinyi alizama katika madeni ya wakopeshaji. Hapana aliyemwapia kwenda vitani. Humo shambani mlikuwa na mabaki ya utumwa, mlikuwa na soko la dunia, na mlikuwa na heshima ya nasaba. Kuyaita yote hayo kwa jina la mfumo wa Ufaransa ya karne ya 12 ni kuyafunika. Umwinyi ni istilahi nzuri mno ya historia ya pwani, na kwa sababu hiyo hasa haifai kuazimwa.

Buganda nayo hutajwa. Mkataba wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa kabaka na wakuu wake, na jina la mailo likatokana na kipimo hicho. Wakulima wakajikuta ni wapangaji, hadi sheria ya 1928 ilipowawekea kinga na kuzuia kodi isipande ovyo. Kwa sura, huu unafanana na ukabaila. Kwa asili, ni mtoto wa kalamu ya kikoloni.

Huenda ikasemwa kwamba anayeanza ahitaji neno jepesi, na tofauti hizi zingoje chuo kikuu. Lakini wengi wa wanaoanza hawafiki chuo kikuu, na sentensi ya kwanza ndiyo watakayozeeka nayo. Maelezo mafupi yanaweza kuwa ya kweli vilevile. Kwa mfano: ukabaila ni jina ambalo wanahistoria wameupa mpango wa Ulaya ya Zama za Kati, ambamo ardhi ilitolewa kwa ahadi ya utumishi wa vita, na wakulima waliofungwa na ardhi hiyo wakailima, baadaye jina hilo limetumiwa pia kwa utawala wa wenye mashamba makubwa popote. Maneno hayo hayafiki hamsini, na yanamwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza kama Unguja imo au haimo.

Neno mapinduzi lina tatizo jingine. Kupindua ni kugeuza juu chini, kama dau linavyopinduka, na neno hilo moja limetumiwa kwa Ufaransa ya 1789, kwa viwanda vya Uingereza, kwa Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na kwa Idi Amin alipoitwaa Uganda 25 Januari 1971. Kiarabu kina maneno mawili. Inqilab, lenye maana ileile ya kupindua, ni la wanajeshi kuitwaa serikali. Thawra ni la umma kuinuka. Misri ya 1952 ni mtihani mzuri kwa yeyote anayefundisha istilahi hizi. Tarehe 23 Julai maofisa waliitwaa serikali; mnamo Septemba walitoa sheria iliyoweka kikomo cha feddan 200 kwa mmiliki mmoja, wakisema wanauondoa ukabaila. Neno walilolitumia wao kwa ukabaila halikutokana na qabila. Ni iqta, ambalo asili yake ni kukatiwa ardhi au mapato yake na mtawala.