Nyumba Mpya na Jirani Zake

Msomaji, ukitaka kuipima nyumba ya mjini, usianze kwa kuusifu ukuta wake. Tazama kwanza imesimama baina ya nyumba zipi. Nyumba ya mjini haikai peke yake kama mnazi shambani. Hushirikiana na jirani zake ukuta, kivuli, upepo na njia.

Mfano bora tunao katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Majumba yake ya mawe yamepangana bega kwa bega, wala hayachoshi macho. Sababu ni nini? Waashi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haina urefu mwingi, vyumba vyao vilikuwa vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Kipimo kimoja cha mti kikazipatanisha nyumba zote. Mbele ya mlango pana daka lenye baraza za kuketi wageni. Na kutoka hapo njia hupinda kabla ya kufika uani, ili apitaye asiione sitara ya watu.

Sasa wako wajenzi wadhanio kwamba kuipatanisha nyumba na mtaa ni kutia mlango wa nakshi katika jengo refu la zege. Hayo ni makosa. Nakshi haizuii dirisha linalochungulia ua wa jirani, wala hairudishi upepo uliozibwa. Hata saruji, ikipakwa juu ya ukuta wa kale wa matumbawe, hufungia unyevu ndani na ukuta ukachakaa, ilhali chokaa huuacha upumue.

Je, tusijenge kwa njia mpya? La, hasha! Watu huongezeka, na nyumba za safu huokoa ardhi. Bomba la maji na choo safi si adui wa urithi. Ila mjenzi na afuate kimo cha jirani, mstari wa njia na sitara ya watu. Kisha atie pambo apendalo.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Huenda kesho ukawa wewe mwenye kuchora ramani za nyumba au kuziidhinisha. Basi kumbuka: ramani isiyoonyesha nyumba za jirani haijakamilika, hata ikiwa nzuri namna gani.