Memwari zetu zinakunywa maji ya robine

Bandugu wahitimu, mwezi jana mdogo wetu mmoja wa metalurji aliniletea memwari yake niisome mbele ya kuitetea. Mada: flotasio ya malakiti ya Kolwezi. Kazi safi kabisa. Meza zimepangwa, gramu za zantati zimehesabiwa hadi desimali. Nikatafuta maji. Nikapata sentensi moja: waliongeza maji ya robine.

Nilicheka, halafu nikaona haya, maana yangu niliiandika hivyo hivyo.

Hii njo kasoro ya memwari nyingi ninazosoma. Kiwanda hakiishi kwa maji ya robine. Sehemu kubwa ya maji yake inarudi kutoka bwawa la mabaki, na imebeba mambo: kalisi ya chokaa tuliyotia na ya dolomiti ya mawe yetu, masalio ya dawa za jana, tope laini. Malakiti haishikwi vizuri na zantati hivi hivi. Tunaivisha kwanza salfidi, kwa NaHS. Ukitia kidogo, inabaki chini. Ukizidisha, inakataa pia. Na oksijeni iliyo ndani ya maji inakula sehemu ya salfidi hiyo mbele haijafika kwenye jiwe. Dozi ni ile ile, maji mengine, matokeo mengine.

Wazee wa Kolwezi walielesha mawe haya hata kwa mafuta ya mawese. Mama yeyote anayefua kwa maji magumu anajua kinachotokea: sabuni inakataa povu, inaleta utando. Tulisoma kemia miaka mingi tukasahau beseni ya nyumbani!

Halafu kuna msimu. Kiangazi jua linakausha bwawa na chumvi inazidi. Masika mvua inaleta tope. Majaribio ya Julai hayamwambii shefu wa zamu afanye nini Januari.

Shaba isiyopanda na povu haipotei, inakwenda na mabaki. Konsantratere ya Kolwezi ilifunguliwa 1941, na mabaki yake yalijaa Kingamyambo na bonde la mto Musonoi. Leo Metalkol inayachota tena kutafuta shaba na kobalti. Sisemi maji peke yake ndiyo sababu, mawe ya oksidi ni magumu kwa asili yake. Lakini mto ule ulilipa.

Lawama yangu kubwa ni kwa sisi tunaosahihisha. Tunapenda namba nzuri, tunampa maksi aliyefanya kazi kwa maji safi, na mwenye matokeo machafu tunamwambia amekosea labo. Hatuulizi hata pH ya maji, wala kalisi yake, wala siku yalipochotwa.

Mdogo wetu alirudi kiwandani, akaomba bidoni mbili za maji ya bwawa, akarudia majaribio. Shaba ilishuka. Akaniuliza kama aifiche ile meza. Nilimwambia aiweke mbele kabisa, pembeni ya ile ya robine. Anatetea Alhamisi, na mimi nitakuwa kati ya majaji.