Roho Mkononi: Wasiwasi wa Akili na Mwili katika "Mame Bakari" na "Mtihani wa Maisha"

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kuikuta sentensi hii ukisahihisha insha za fasihi: "Samueli ni mwoga kwa sababu alitaka kujiua." Mtahiniwa ametaja sifa, ametoa mfano, nasi tumempa alama yake na kufungua ukurasa unaofuata. Mimi pia nimefanya hivyo mara nyingi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba jibu hilo ni pungufu, na kwamba upungufu wake unatuhusu sisi walimu kama unavyomhusu mwanafunzi.

Hadithi tutakazorejelea zimo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (2016). Diwani hiyo ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya KCSE hadi mwaka wa 2022. Ingawa haitahiniwi tena, ingali rafuni katika maktaba nyingi za shule, na suala tunalolichunguza halijaondoka darasani.

Woga, Hofu na Wasiwasi

Kwanza tutenganishe istilahi. Woga ni tabia ya mtu. Hofu humpata mtu anapokabiliana na hatari iliyo mbele yake, kwa mfano nyoka njiani. Wasiwasi ni hofu ya jambo ambalo halijafika na pengine halitafika. Mwoga hukimbia adui anayemwona. Mwenye wasiwasi hana pa kukimbilia kwa kuwa adui yumo mawazoni mwake.

Ajabu ni kwamba mwili hautofautishi sana mambo haya. Ubongo unapohisi hatari, iwe ya kweli au ya kudhaniwa, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi ili kupeleka damu kwenye misuli. Mate hupungua kinywani, usagaji wa chakula hupungua kasi, na jasho hutoka. Mtu yuko tayari kupigana au kukimbia. Hali hii ikidumu siku nyingi, usingizi hupotea, hamu ya chakula huisha, kichwa huuma na kumbukumbu huyumba.

Waswahili walilijua hili kabla ya vitabu vya bayolojia. Tunasema moyo ulimdunda, koo lilimkauka, tumbo lilimsokota, kijasho chembamba kilimtoka, magoti yalimlegea. Mtu mwenye wasiwasi mkubwa husemwa kuwa roho yake iko mkononi. Aghalabu tunawafunza wanafunzi wayaorodheshe mafungu haya chini ya kichwa "matumizi ya nahau" na kuishia hapo. Lakini kila nahau ya aina hii ni ushahidi wa hali ya mhusika. Mwandishi anapotaja mwili, anatueleza akili.

Sara: Hofu ya Yasiyotokea

Katika "Mame Bakari", hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany, Sara ni msichana wa shule aliyebakwa na janadume usiku alipokuwa akitoka twisheni. Sasa ana mimba. Aliyemtendea unyama huo hayuko tena mbele yake, lakini mateso hayajaisha. Anamwona baba akimfukuza nyumbani. Anamwona mwalimu mkuu akimwondoa shuleni. Anawaona wenzake wakimcheka.

Hebu tuzingatie jambo moja: watu hawa bado hawajalijua jambo lenyewe. Sehemu kubwa ya masimulizi inajengwa na matukio yanayotukia akilini mwa Sara pekee. Baadhi ya wanafunzi hulalamika kwamba hadithi "haisongi". Naam, haisongi kwa sababu wasiwasi hausongi. Huzunguka pale pale kama ng'ombe wa kinu. Umbo la hadithi limefanana na ugonjwa wa mhusika, na hii ni hoja ambayo mtahiniwa hodari angeitumia anapojibu swali la uzungumzi nafsia.

Hata hivyo, tusimdharau Sara kwamba anajitishia bure. Picha zile hakuzibuni kutoka hewani. Amezikusanya kutoka katika jamii ambayo humwaibisha aliyetendewa na kumsahau mtenda. Wasiwasi wake ni wa kibinafsi, ila malighafi yake ni ya jamii. Ndiyo maana tunapotaja maudhui ya dhuluma za kijinsia, hatuna budi kuitaja hofu hii pia kama sehemu ya dhuluma yenyewe.

Samueli: Hofu Iliyotimia

Samueli wa "Mtihani wa Maisha", hadithi ya Eunice Kimaliro, yuko katika hali tofauti. Anakwenda kuchukua matokeo ya mtihani, na alichokiogopa kinakuwa kweli: amefeli. Tazama anachokifanya na karatasi ile. Anaingia nayo msalani akaisome huko, mahali ambapo hakuna jicho la mtu. Kitendo hiki kidogo kinasema mengi kuliko maneno. Aibu imeshamtenga na watu kabla mtu yeyote hajamlaumu.

Kutoka hapo mawazo yake yanamkimbilia baba aliyegharamia karo kwa jasho lake. Akili iliyobanwa na wasiwasi huona njia chache sana. Dunia yote ya Samueli inasinyaa hadi kubaki mambo mawili: uso wa baba na maji ya bwawa. Anajitosa, na anaokolewa na mpita njia. Anayemwita mwoga hajauliza ni nini kilichoziba njia nyingine zote.

Tofauti Iliyowaamua

Ukiwaweka wahusika hawa sambamba, utagundua kwamba Samueli hana tatizo kubwa kuliko la Sara. Pengine la Sara ni zito zaidi. Tofauti ni kwamba Sara alimpata Sarina, rafiki aliyemsikiliza, na Daktari Beluwa. Siri ilipotoka kifuani, wazazi walimpokea kinyume kabisa na picha alizozihofia. Samueli alikwenda bwawani na siri yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hadithi hizi mbili zinapokutana: wasiwasi hunenepa gizani, na hupungua unapopata sikio.

Kwa Mtahiniwa

Usiandike tu "Samueli ni mwoga." Andika: "Samueli ni mwenye wasiwasi. Anajificha msalani kusoma matokeo yake kwa kuwa anaogopa kuonwa na wenzake." Taja sifa, toa tukio, kisha eleza tukio hilo linatufunulia nini kuhusu mawazo yake.

Nawe ukiwa mbele ya Karatasi ya 3, ambapo unajibu maswali manne kwa saa mbili na nusu, huenda moyo ukadunda na yote uliyosoma yakakutoka. Hujayasahau. Akili iliyojaa wasiwasi huwa na nafasi ndogo ya kukumbuka. Weka kalamu chini, vuta pumzi polepole mara kadhaa, anza na swali unalolimudu. Mwili ukitulia, kumbukumbu hurejea.

Kwa Mwalimu

Kila darasa lina Samueli wake. Ni yule anayeumwa na tumbo kila asubuhi ya mtihani, au anayekunja karatasi yake kabla jirani hajaiona alama. Tunapomfunza kwamba mhusika aliyelemewa ni "mwoga", tunamfunza pia jina la kujiita. Tumpe msamiati bora, tumwelekeze kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na inapobidi tuwe sisi Sarina wake.

Zoezi

1. "Mwili husema pale ulimi unaposhindwa." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea "Mtihani wa Maisha". (alama 10)

2. Jadili jinsi uzungumzi nafsia ulivyotumiwa kuendeleza maudhui katika "Mame Bakari". (alama 10)