GitLab Haiondoki kwa Amri Moja

Aliyesakinisha GitLab kwenye seva ya Ubuntu, akitaka kuachana nayo, kwa kawaida huandika "apt remove gitlab-ce", akaona kifurushi kimeondoka, akafunga dirisha. Kazi bado. Kidhibiti cha vifurushi kinayajua tu mafaili kiliyoyaleta chenyewe, ambayo mengi hukaa /opt/gitlab. Hifadhidata na hazina za msimbo zilizaliwa baadaye, programu ikiwa kazini, nazo zimo /var/opt/gitlab. Mipangilio na siri zimo /etc/gitlab. Zipo pia akaunti za mfumo kama git, gitlab-www na gitlab-psql, ambazo hakuna binadamu aliyezifungua kwa mkono wake, na kwa sababu hiyo hakuna anayezikumbuka.

Wengi huliita hili tatizo la usahaulifu. Mimi naona ni la mpangilio: hatua ya mwisho imefanywa ya kwanza. Zana za usafi zimo ndani ya kifurushi chenyewe. Amri "gitlab-ctl remove-accounts" huondoa akaunti, na "gitlab-ctl cleanse" hufuta data; ukitanguliza apt, zana hizo nazo zimekwenda, ukabaki kusaka saraka moja moja. Basi huduma isimamishwe, akaunti ziondolewe, data ifutwe, ndipo kifurushi kifuate. Kabla ya yote hayo, chukua nakala rudufu, na hapa pana mtego mbaya kuliko yote: usipobadilisha mipangilio, nakala hizo huhifadhiwa /var/opt/gitlab/backups, yaani ndani ya saraka ileile itakayofutwa. Tena hazibebi gitlab-secrets.json, na bila faili hilo data iliyosimbwa, mathalani vigezo vya siri vya CI, haisomeki. Hata urejeshaji hukubali toleo lilelile tu la GitLab. Kwa hiyo hamishia nakala kwenye mashine nyingine pamoja na /etc/gitlab yote, na uandike namba ya toleo.

Atakuja mtu aseme: ya nini shida hii, si ufute seva nzima? Ni sawa, kama seva ilifanya kazi hiyo moja. Lakini kuifuta hakugusi rekodi ya DNS. Kikoa chako kidogo kitaendelea kuelekeza kwenye anwani ya IP ambayo kampuni ya wingu inaweza kumpa mteja mwingine, naye akaweka kurasa zake chini ya jina lako. Wa Docker naye atasema kontena zimemaliza suala hili. Hazijamaliza: "docker compose down" huondoa kontena na mitandao yake, ila volyumu zenye majina hubaki mpaka uongeze -v.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mabaki hayadhuru, yanakula diski tu. Linux, hata hivyo, humtambua mwenye faili kwa namba. Akaunti ikifutwa na mafaili yakabaki, namba hiyo inaweza kupewa akaunti mpya, nayo ikarithi msimbo wa watu. Hivyo ukimaliza, endesha "find / -nouser", kisha "dpkg -l" uitafute gitlab. Ukiona herufi rc mbele ya jina, mafaili ya mipangilio bado yapo, na dawa yake ni "apt purge".