Kumtambua Fundi wa Kutibu Hofu

Komini ya Lubumbashi ina mitaa ya kuta ndefu na mageti yenye kibao cha «Chien méchant», yaani mbwa mkali. Mwenye hofu kali ya mbwa akikiona tu, hugeuza njia hata kama atachelewa kazini. Hofu hii ina tiba, nayo ni ya vitendo. Lakini wanaoitoa hawalingani kwa ufundi. Angalia haya.

Ngazi. Mwaka 1958 Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kilichoeneza mtindo wa kupanga vitisho kuanzia kidogo hadi kikubwa. Ngazi nzuri hutoka kinywani mwa mgonjwa na kutaja mahali halisi: kusikia mbweko nyuma ya geti fulani, kusimama ng'ambo ya barabara, kumgusa mgongo mbwa aliyefungwa. Karatasi ileile kwa kila mtu ni kazi ya kulipua.

Subira. Hapa ndipo wengi huharibu. Mgonjwa akitetemeka, asiye fundi humwondoa kwa huruma. Kukimbia huleta nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu. Fundi humbakiza, kwa ridhaa yake, mpaka aone kwamba balaa aliyoitarajia haikutokea. Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza mwaka 1989 tiba ya kikao kimoja kinachoweza kufika saa 3, hivyo vikao vifupi vya kufarijiana tu vikutie shaka. Anayemletea mtu mbwa kwa kumshtukiza naye haponyi, anavunja uaminifu.

Kinga za siri. Tazama mikono. Anayepita mbele ya mbwa ameshika jiwe, au amemng'ang'ania dada yake, atarudi nyumbani akiamini jiwe au dada ndiye aliyemwokoa. Fundi huziona kinga hizi na kuziondoa moja baada ya nyingine.

Swali la mtego. Muulize: «Na anayezimia akiona damu au sindano?» Akijibu kwamba humfundisha kulegeza mwili, tafuta mwingine. Katika hofu ya damu na sindano shinikizo la damu hupanda, kisha huporomoka, na ndiyo maana mtu huanguka. Anachofundishwa ni kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, kupumzika kidogo, kisha kurudia.

Busara. Kichaa cha mbwa kinaua. Fundi hufanya mazoezi na mbwa mpole, aliyechanjwa, mwenye mbwa akiwapo. Wala hamfundishi mtu kuwapapasa mbwa wa kuzurura.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha saikolojia, na mjini kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain. Unaweza kuanza kuulizia huko, ila cheti cha ukutani kisikuzuie kuuliza maswali haya.

Kipimo cha mwisho kiko nje ya ofisi. Hofu iliyotulia mbele ya mbwa mmoja huweza kurudi mbele ya mwingine, kwa hiyo kazi nzuri hubadilisha mbwa, mitaa na saa, na humwachia mgonjwa mazoezi ya kufanya peke yake. Ukiona juma baada ya juma unalipa, unatoka umetulia, lakini bado unazunguka geti lilelile, umeuziwa faraja, hujatibiwa.