Hikaru na Mpira Uliozama Kikapuni

Mvulana anarusha mpira wa kikapu akiwa mbali mno, na mpira unazama kikapuni. Umesaidiwa: mrushaji ana uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu za akili. Hikaru Hiyama, aliye nyuma yake madarasa mawili, haoni nguvu zozote. Anaona bingwa. Tangu siku hiyo anapiga mbiu shule nzima kuwa mvulana huyo ni mpenzi wake, mwenyewe hata hajaulizwa.

Ndivyo Izumi Matsumoto alivyoifunga pembetatu ya mapenzi ya Kimagure Orange Road, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1984 hadi 1987 na kujaza vitabu 18. Studio Pierrot ikaigeuza kuwa katuni ya televisheni ya vipindi 48, mwaka 1987 na 1988. Mrushaji yule, Kyosuke Kasuga, anatoka katika ukoo wenye nguvu za ajabu, na kila siri inapovuja familia hufungasha virago. Siku anayofika mji mpya anakutana na Madoka Ayukawa kwenye ngazi ndefu. Wanabishana kama zina vidato 99 au 100, kisha wanapatana kuwa ni 99 na nusu. Moyo wa Kyosuke umekwisha kwenda. Balaa ni kwamba Hikaru ni rafiki wa Madoka tangu utotoni.

Katika vichekesho vingi msichana asiyejua lolote huwa wa kuchekwa tu. Matsumoto alimfanya Hikaru kuwa kufuli. Kyosuke hawezi kumwambia kuwa ule mpira ulikuwa wa hila, maana ataianika familia yake. Madoka hawezi kumwumiza aliye kama mdogo wake. Naye Hikaru hana shaka na yeyote kati yao, kwa hiyo hawapi hata ugomvi ambao ungewafungulia mlango. Kila anapomdandia Kyosuke shingoni mbele za watu, wanaotuchekesha ni wale wawili wanaojua na kunyamaza.

Na uchawi je? Hapa ndipo ufundi ulipo. Nguvu zilianzisha mkasa, lakini haziruhusiwi kuumaliza. Kyosuke anaweza kutoweka chumbani kabla hajafumaniwa; kusema "nampenda fulani" hakuna nguvu inayomsaidia. Anafikia hadi kujipumbaza mbele ya kioo ili awe mwenye msimamo, na mambo yanaharibika zaidi. Binamu yake mdogo, Kazuya, anaweza kubadilishana naye mwili, na hapo aibu hupata mwili wa pili.

Katuni iliongeza yake. Akemi Takada, mchoraji wa wahusika, alimchora Madoka mwenye nywele ndefu kwa macho yasiyosema yote; Hikaru mwenye nywele fupi akamchora kwa uso ulio wazi kama dirisha. Mwigizaji Eriko Hara akampa Hikaru sauti ya juu, ya haraka, isiyojua kunong'ona. Mtazamaji anamsikia kabla hajamwona, na Kyosuke pia. Sekunde hizo chache za hofu ndizo zinazochekesha.

Mtambo huu una kasoro yake. Ukizungushwa vipindi 48, kusitasita kwa Kyosuke kunaanza kuonekana kama uchoyo, na gharama yote inalipwa na yule asiyejua kuwa anadaiwa.

Deni hilo lilidaiwa 1988 katika filamu iliyoongozwa na Tomomi Mochizuki. Filamu haitumii nguvu za ajabu hata kidogo. Hakuna pa kutowekea, hakuna mwili wa kuazima, kuna mitihani ya kuingia chuo kikuu na neno ambalo lazima litamkwe. Kyosuke anamwambia Hikaru ukweli, naye hakubali, anamng'ang'ania huku akilia. Sauti ile ile iliyokuwa ikichekesha sasa haisikilizwi kwa urahisi.

Anayetaka kuuona ufundi huu aanze na vipindi vya televisheni, filamu aiweke mwisho. Akianza na filamu, ule mpira wa kikapu hautamchekesha tena.